Udi wa Maganda

Sijawahi kuona mtu anayeogopa kutupa ganda la chungwa kama mama mkwe wangu. Ndoo ya taka ya nyumba ile ya Biryogo, Kigali, ilipokea majivu, maganda ya ndizi, miiba ya samaki na mifagio iliyochakaa, lakini ganda la chungwa, la ndimu au la chenza halikuingia humo hata kwa bahati mbaya. Ukilitupa, atalitoa. Atalisuuza, atalifuta kwa pindo la kanga yake, halafu atakuangalia kana kwamba umemtupa mtoto wa watu.

Niliolewa katika nyumba ile nikitoka Buyenzi, Bujumbura, wakati vita vilikuwa vimekwisha kuanza huko kaskazini na kila msafiri alitakiwa kuwa na karatasi zake mkononi. Ya miaka ile yameandikwa mengi na wale walioweza kuyaandika. Mimi naandika maganda, maana ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu kila kulipokucha, na ndiyo yaliyonitoa machozi, mengine ya hasira na mengine ya moshi.

Tuanze na paa, kwa sababu mgeni aliliona paa kabla ya kutuona sisi. Mabati yote ya upande wa jua yalitandazwa maganda. Na mvua ya Kigali haipigi hodi. Basi mawingu yakijikusanya upande wa Rebero, mimi mkazana, ndivyo alivyoniita, mke wa mwanawe, niache sufuria motoni, niache nguo kambani, nipande juu ya pipa nikaokoe maganda. Nguo zangu zilinyeshewa mara nyingi kuliko maganda yake. Siku moja nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba nguo ikilowa hukauka, ganda likilowa huoza. Utabishana vipi na mtu wa namna hiyo? Alikuwa na majibu ya kweli kwa mambo ya kipuuzi.

Yakishakauka paani, yanaingia ndani, na huko ndani ndiko mateso yalikokuwa. Yale ya ndimu aliyachemsha ndani ya birika ili kung'oa ukoko mweupe wa maji, na chai ya kwanza baada ya hapo ilikuwa dawa, si chai. Yale mabichi aliyasugulia masufuria na majivu. Mengine aliyapanga kizingitini kuzuia sisimizi. Sisimizi waliyaogopa siku ya kwanza, siku ya pili waliyazunguka, siku ya tatu wakapita juu yake wamebeba sukari yetu. Jioni aliyachoma kufukuza mbu. Mbu wakatoka, na sisi tukatoka, tukakutana nao uani.

Kwenye sanduku langu la nguo, lile nililokuja nalo kutoka kwetu, alijaza maganda makavu kila kona, eti nondo wasile. Nondo hawakula, ni kweli. Lakini nilienda kumpongeza jirani aliyejifungua nikiwa nimevaa gauni langu la hariri, na wifi wa mzazi akaniuliza kwa upole kama nimeanza kuuza jusi. Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikayatoa maganda yote, nikayaweka juu ya meza ayaone. Akayaona. Akasema ahsante kwa kumkusanyia, akaenda nayo jikoni.

Kuwashia moto, hapo sitamnyima haki yake. Ganda kavu la chungwa chini ya mkaa wa mbabula, jiko letu la mkaa, huwaka vizuri kuliko karatasi, nawe huhitaji kupuliza mpaka macho yatoke. Kama angeishia hapo, tungeishi kama mtu na mamaye.

Na mume wangu, jamani. Yeye alikuwa fundi wa magari katika gereji moja Gikondo, akirudi jioni mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Mwanamume mzima, ana masharubu, anakaa kwenye kigoda anamnyoshea mama yake mikono, na mama anaisugua kwa ganda bichi la chungwa mpaka grisi iachie, huku akimuuliza kama amekula. Mimi nimesimama na sabuni yangu mkononi sina kazi. Tena ndiye yeye aliyeleta ile balaa. Karibu na gereji yao palikuwa na mwanamke aliyekamua jusi ya machungwa, na mume wangu alikuwa amepatana naye amwekee maganda. Mume mwingine angerudi na nyama. Wangu alirudi na gunia la maganda, tena kwa tabasamu.

Hayo yote ningeyavumilia, kwa sababu kuolewa ni kuvumilia, ndivyo nilivyofundwa. Lililonishinda ni udi.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa pwani. Ndivyo alivyosema. Bahari yenyewe hakuijua. Maji makubwa aliyowahi kuyaona ni yale ya Ziwa Tanganyika, na hayo aliyaona akiwa mtoto. Lakini babu yake alikuja na biashara kutoka pwani kupitia Ujiji, akaoa huku, akazikwa huku, na wajukuu wake wakabaki na mambo matatu ya kwao: pilau, kanga, na kufukiza nguo. Pilau kila mtu Biryogo alijua kuipika. Kanga kila mtu alivaa. Kufukiza ndiko kulikompa mama mkwe wangu jina.

Ilikuwa hivi. Siku moja kabla ya harusi, nguo za bibi harusi hupelekwa kwa wanawake zikatiwe moshi wa udi. Chetezo chenye makaa kinawekwa chini, udi juu ya makaa, kisha tenga la matete linafunikwa juu yake, na nguo inatandazwa juu ya tenga. Moshi unapanda taratibu. Anayefukiza anajua lini ageuze nguo, lini aongeze udi, lini aondoe, na mwanamwali akitoka siku ya pili, watu wanajua amepita kabla hawajamuona. Biryogo nzima, na Waislamu waliokaa Gikondo vilevile, mfukizaji alikuwa yeye. Mjane, hana duka, hana shamba, anakaa nyumba ya mwanawe na mkwe asiyependa maganda yake. Lakini siku ya kufukiza huletewa kiti, hupewa sahani ya kwanza, na hakuna mwanamke anayethubutu kugusa chetezo kabla yake. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani. Kumnyima hicho ni kumzika.

Udi wa kweli uliletwa na madereva wa malori kutoka Dar es Salaam. Vita vilipoanza, safari zikawa ngumu, mizigo midogo ya namna hiyo ikasahauliwa. Mwanamke mmoja tu mtaani petu aliendelea kuupata, mke wa muuza vitambaa wa pale kona, maana kaka yake aliendesha lori. Huyo alikuwa na udi, alikuwa na chetezo cha shaba, na alikuwa na hamu kubwa ya kile kiti. Hakuficha. Alikuwa akisema bombani, mbele yangu, kwamba maharusi wa siku hizi wananukia kama meza ya jusi.

Kwa sababu mama mkwe wangu, badala ya kumpigia magoti mke wa muuza vitambaa, alijitengenezea udi wake mwenyewe. Wa nini? Usiniulize. Wa maganda.

Aliyatwanga makavu kwenye kinu mpaka yakawa unga. Akaweka karafuu, iliki, chembe za msandali zilizobaki kwenye kopo lake la zamani, akayeyusha sukari mpaka ikawa kahawia, akayakanda yote pamoja, akafinyanga vidonge, akavianika. Na nitasema kweli, mwanzoni vilinukia. Ukiweka kidonge kidogo kwenye kaa tulivu, kilitoa harufu tamu, ya joto, ya nyumba yenye watu wa heshima. Maharusi wa mwaka ule wa kwanza walitoka na udi wa maganda na hakuna aliyelalamika isipokuwa yule mwenye kaka wa lori.

Kisha vikaanza kuharibika. Karafuu zikazidi. Sukari ikazidi. Vidonge vikawa vikubwa kama ndimu changa, vikiwekwa kwenye kaa vinatokota, vinarusha cheche, na nyumba inajaa moshi hata humuoni unayezungumza naye. Nilimwambia, mama, punguza sukari, sukari nyingi inashika moto. Akaniuliza mtu wa Buyenzi anajua nini kuhusu udi. Nikamwambia tena wiki nyingine. Akasema mimi nikae na mafuta yangu ya mawese, udi nimwachie mwenyewe. Nikamwambia tena, maana mimi pia sina adabu nikichoka. Akaongeza sukari mbele ya macho yangu.

Na kila akimaliza, swali lake moja: "Inanukia?"

Inanukia, mama. Nilijibu hivyo ili yaishe. Mtu anakuuliza inanukia huku macho yako yanabubujika machozi, utajibu nini? Akiuliza asubuhi inanukia. Akiuliza jioni inanukia. Ilifika hatua nikiona anageuka kuniangalia tu, najibu kabla hajafungua mdomo.

Nilidhani ni kiburi. Nilidhani anafanya makusudi, kunionyesha nyumba ni ya nani. Aliweka maziwa yaliyoganda kwenye chai, akainywa. Alikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, waliokwisha kuvunda, akasisitiza ni wa leo asubuhi, akanikasirikia nilipommwagia paka. Paka mwenyewe akawanusa, akaondoka. Niliyahesabu yote hayo kuwa ubishi wa uzee.

Siku moja adhuhuri nilikuwa narudi kutoka bombani na dumu kichwani. Kabla sijafika mlangoni, harufu ya mafuta ya taa ikanipiga usoni. Niliacha dumu uani, nikaingia mbio. Chupa ya mafuta ya taa, ile tuliyoiziba kwa gunzi la hindi, ilikuwa imeanguka ubavu kwenye rafu, na mafuta yanatiririka ukutani yakiingia kwenye mkeka, na kwenye mkeka amekaa mama mkwe wangu anachambua maharage. Pindo la kanga yake limelowa chapachapa. Mbele yake, pale ambapo angenyosha mkono angeigusa, mbabula inawaka.

Nikaitoa mbabula nje kwanza, mikono ikaungua, sikujali. Niliporudi alikuwa ananishangaa. Nikamwambia mafuta yamemwagika. Akatazama kanga yake. Akashika pindo, akapeleka vidole puani, akavuta pumzi. Akavuta tena. Kisha akaniangalia haraka, jinsi mtoto anavyokuangalia akitaka kujua kama umemuona, akasema, "Nimesikia. Nilikuwa nangoja nimalize maharage."

Amesikia, eti. Anangoja maharage.

Nikakaa chini palepale kwenye mkeka uliolowa mafuta. Yakanirudia yote: maziwa, ndagala, karafuu, sukari, na lile swali lake la kila siku. Ile homa ya mafua iliyomlaza majira ya mvua, tukamshukuru Mungu alipoinuka, kumbe haikuondoka mikono mitupu. Mfukizaji wa maharusi wa Biryogo alikuwa hanusi kitu. Alikuwa anakisia. Aliongeza na kuongeza, akitumaini labda mara hii itamfikia.

Na hapo, badala ya kumwonea huruma kama watu wazuri wanavyofanya, nilikasirika kuliko siku zote. Maana mtu mkorofi unamgombeza, roho inapoa, mnalala. Huyu sasa nimgombeze nini? Amenipokonya hata hasira yangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema. Na mimi nilikuwa nimeona kifo chenyewe kikiwaka ndani ya mbabula mbele ya magoti yake. Nilitaka kumtikisa. Nikafua kanga.

Mume wangu sikumwambia. Namjua. Angesikitika sana, angemkumbatia mama yake, na kufikia mchana gereji zote za Gikondo zingejua. Kutoka Gikondo habari ingepanda hadi Biryogo kabla yeye hajanawa mikono. Basi nikabaki na siri ambayo hata mwenyewe hajaniambia kuwa ni siri. Nilianza kunusa maziwa kwa ajili yake. Nilianza kunusa samaki. Nilizunguka ndani ya nyumba ile kama mbwa wa polisi, na maganda bado yako paani, na mvua bado inanyesha, na sukari bado inazidi.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa jirani yetu. Mama wa bibi harusi alikuwa mtu wa kuogopa lawama. Alimwita mama mkwe wangu afukize, kama desturi, lakini na mke wa muuza vitambaa akamkaribisha, akamkalisha chumba kilekile karibu na mlango, ili asije akasema amedharauliwa. Kila mwanamke aliyealikwa alielewa. Mmoja atafukiza, mwingine atapima. Siku ile ndiyo ingeamua kiti ni cha nani.

Mama mkwe wangu alielewa kuliko wote. Alikesha na wasiwasi, na wasiwasi wake wote akautia kwenye sukari. Asubuhi niliviona vile vidonge vinang'aa. Nikamwambia, mama, leo hivi vitawaka. Akajibu yale ya Buyenzi. Nikabeba tenga, nikabeba chetezo, nikabeba kopo la vidonge, nikamfuata nyuma huku nikisema peke yangu njia nzima. Waliotuona watakuwa wamedhani nasoma uradi.

Uani wanawake walikuwa wanakata vitunguu na kuosha nyama. Niliitwa nikasaidie, nikachukua ungo wa mchele, nikakaa nao kwenye kizingiti cha chumba cha kufukizia, nusu ndani nusu nje, nikijifanya napenda upepo wa pale. Ndani wameketi wanawake kwenye mkeka, wanaimba, wanapiga makofi. Kanga za bibi harusi zikapita salama. Gauni likapita. Mama mkwe wangu alikuwa anapendeza, lazima niseme, amekaa wima, mkono wake unageuza nguo bila kutazama, kwa mazoea ya miaka. Kisha wakamkabidhi shela.

Shela ilikuwa ya wavu wa nailoni, ndefu, imenunuliwa na upande wa bwana harusi. Akaitandaza juu ya tenga, akaongeza kidonge. Kimoja. Akasita, akaongeza cha pili. Mimi napepeta mchele na pua yangu iko ndani ya chumba. Nikasikia chungwa. Nikasikia karafuu. Nikasikia sukari inayeyuka, inakuwa chungu. Kisha nyuma ya hayo yote, nyembamba, nikasikia ile harufu ya kitana kilichoanguka motoni.

Nikangoja ainue. Alikuwa anapiga makofi.

Mke wa muuza vitambaa akainua kichwa. "Kuna kitu kinaungua," akasema.

Wimbo ukafifia. Mama mkwe wangu akatabasamu, akaeleza kwamba ni sukari inachanganyika na ganda, ndivyo udi wa kupika ulivyo, asiyeuzoea hushtuka. Lakini sasa wanawake wengine nao walikuwa wamekunja nyuso. Mke wa muuza vitambaa akasogea mbele kwenye mkeka, akamtazama mama mkwe wangu usoni, na hakusema kwa kejeli. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeanza kuelewa jambo, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kejeli.

"Mama, kweli husikii?"

Nikaona mkono wa mama mkwe wangu ukibaki hewani. Sijui mchele ule niliumwagia wapi. Najua waliukanyaga mpaka jioni. Niliruka kati yao, nikaivuta shela, nikalipindua tenga, nikazima moto kwa kiganja. Tundu lilikuwa la ukubwa wa kidole gumba, pembeni, kingo zake nyeusi. Mama wa bibi harusi akashika kichwa.

"Ni mimi," nikasema. "Mama aliniambia niigeuze shela nikisikia sukari. Nikajisahau na mchele."

Chumba kizima kikanigeukia. Na yeye pia akanigeukia. Tulitazamana, mimi na mama mkwe wangu, nikaona wazi kwamba anajua ninachokijua. Sikutegemea ahsante. Nilitegemea walau anyamaze.

Akavuta pumzi ndefu, akaanza. Si aliniambia? Si aliniambia niangalie? Mtoto wa Buyenzi, kichwa chake kiko sokoni, mikono yake haina baraka, chai anaunguza, wali anaunguza, sasa kageukia nguo za harusi za watu. Alinigombeza kwa sauti iliyofika bombani. Alinigombeza mpaka wanawake wakaanza kuniombea msamaha. Mke wa muuza vitambaa mwenyewe, Mungu amjalie, ndiye aliyemshika bega akamwambia basi, mama, huyu bado mdogo, atajifunza. Fadhila ya punda ni mashuzi. Nilisimama pale na kiganja kinachoma nikalikumbuka neno hilo kwa ukamilifu wake.

Shela haikufa. Mama wa bibi harusi alilikunja lile tundu ndani, akalibana nyuma chini ya kitana, na siku ya pili msichana alitoka amependeza, ananukia chungwa na karafuu, hakuna aliyejua asiyeambiwa. Tatizo ni kwamba wote waliambiwa. Kwa muda mrefu sikuwa na jina lingine mtaani. Nikienda bombani, wanasogeza madumu yao, wanasema mpisheni, asije akayaunguza maji. Nikienda kununua mkaa, muuzaji ananiuliza kama nina ruhusa.

Na aliyeieneza zaidi ni nani? Yeye. Kila mgeni aliyekuja kwetu alihadithiwa. Tundu lilianza likiwa kidole gumba. Baada ya Ramadhani likawa kiganja. Kufikia Idi ya kuchinja lilikuwa sahani ya pilau, na mimi nimesimama na birika mkononi namimina chai, nasikiliza jinsi nilivyoliunguza.

Mume wangu aliisikia gereji, bila shaka. Akaja nayo jioni akicheka, mikono yake kwa mama yake, ikisuguliwa kwa ganda, akaniambia nisije nikaiunguza nyumba na yeye akiwa ndani. Hapo nikajaa. Nilifungua mdomo. Maneno yote yalikuwa tayari, yamepangwa, kuanzia mafuta ya taa. Nikaona mikono ya mama mkwe wangu imesimama juu ya mikono ya mwanawe. Haisugui tena. Hakuinua uso.

Nikamwambia mume wangu chakula kinapoa. Mikono ile ikaendelea kusugua.

Haukupita muda mrefu akaja mwanamke kutoka Gikondo. Binti yake anaolewa, anamtaka mama mkwe wangu akafukize. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kisu mkononi, namenya machungwa yake, kwa sababu siku hizo nilikuwa namenya machungwa hata usingizini. Mgeni alimsifu kwanza, akamwambia hakuna mwingine mjini. Kisha akashusha sauti, akasema kwa adabu nyingi kwamba wana ombi dogo. Yule mkwe wake abaki nyumbani. Habari za ile shela zimefika hadi kwao, na upande wa bwana harusi ni watu wa maneno.

Sitaki kusema uongo, moyo wangu uliruka kwa furaha. Siku nzima peke yangu. Sibebi tenga. Sinusi kitu. Nilishajiona nimelala kwenye mkeka na mlango umefungwa.

Mama mkwe wangu hakufikiri hata kidogo. "Asipokuja yeye," akasema, "na mimi siji."

Mgeni akacheka, akadhani utani. Akasema lakini mama, si ndiye aliyeunguza. Mama mkwe wangu akakubali, ndiye, mkono wake mbovu sana huyo. Akarudia tundu, sahani nzima ya pilau. Halafu akasema yaleyale, kwa sauti ileile, bila kueleza, mpaka mgeni akakubali yaishe.

Mgeni alipoondoka, mama mkwe wangu akaja jikoni. Mimi nimenuna, siku yangu ya mkeka imekwenda. Aliondoa sufuria yangu kwenye mbabula bila kuniomba, akachagua kaa moja, akaweka juu yake kidonge cha jana, akakaa kwenye kigoda akinipa mgongo. Moshi ukaanza kupanda. Nikajitayarisha kusema inanukia.

"Niambie," akasema. "Inanukiaje?"

Niliacha kisu. Nikavuta pumzi, nikamwambia chungwa liko mbele, zuri, la juani. Karafuu inafuata, ingekuwa nusu yake ingetosha. Iliki siisikii, imezama. Na sukari, mama, imezidi, imezidi tangu mwaka jana, sasa hivi itashika moto.

Kile kidonge kikawaka, akakizima kwa ganda bichi. Kisha akavuta bakuli la unga wa maganda, akachukua kijiko cha sukari, akakishikilia juu ya bakuli, akanigeukia na kungoja. Nikasema nusu. Akamwaga nusu, nusu nyingine akairudisha kwenye kopo.